Wanuri Kahiu: ametuacha, au tumemsukuma?

Mwaka 2022 Netflix ilipotoa Look Both Ways, baadhi ya wapenzi wa filamu nchini Kenya hawakufurahi. Muongozaji ni Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Mwigizaji mkuu ni Mmarekani Lili Reinhart, hadithi inaanzia Texas, na Kenya haimo. Wanaomlaumu walisema amezipa kisogo hadithi zetu. Wanaomtetea wakajibu kwamba serikali ilipiga marufuku filamu yake Rafiki, sasa mlitaka aendelee kupigana na ukuta hadi lini? Kila upande una ukweli, ila naona wote wawili wanaanza kuhesabu katikati ya safari.

Turudi 2008. Kahiu alitoa From a Whisper, filamu ndefu juu ya majeraha yaliyoachwa na bomu la Agosti 7, 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Mwaka uliofuata ilizoa tuzo tano za AMAA, tuzo za filamu za Afrika, ya muongozaji bora ikiwemo. Kisha ikaja Pumzi, filamu fupi ya dakika ishirini na kitu kuhusu Afrika Mashariki iliyobaki baada ya vita vya maji, ambako mwanamke anakaidi wakubwa wake ili apande mche nje ya kuta. Mwaka 2010 ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani.

Muongozaji mwenye rekodi hiyo angetarajiwa kupata fedha za filamu ndefu nyingine ndani ya miaka miwili au mitatu. Rafiki ilifika 2018. Hiyo ni takriban miaka kumi, na wakati wote huo hakuna bodi iliyokuwa imeigusa filamu hiyo. Fedha zenyewe ilibidi ziunganishwe kutoka Afrika Kusini, Ufaransa, Ujerumani, Uholanzi, Norway na kwingineko. Hapa ndipo hoja ya watetezi wake inapokatikia njiani: marufuku ilikuja mwishoni. Kabla ya kumkataza, tulikuwa tumeshindwa kumlipia.

Hata hivyo marufuku yenyewe si jambo la kupitia juu juu. Aprili 2018, wakati Rafiki ikielekea kuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliizuia isionyeshwe nchini. Filamu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi. Bodi ilishikilia kwamba inahamasisha jambo ambalo sheria ya Kenya inalikataza na kwamba inakwenda kinyume cha maadili ya wananchi. Wakenya wengi waliafiki, na ni kosa kuwachukulia kana kwamba hawapo. Lakini kusimulia jambo si kulihubiri, na mtu mzima anayenunua tiketi kwa fedha zake anajua anachokwenda kutazama. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliiruhusu kwa siku saba, muda ambao filamu iliuhitaji ili iweze kufikiriwa kuiwakilisha nchi kwenye Oscar. Alisema haamini kuwa Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha kutikiswa na filamu. Watu walijaza ukumbi wa sinema wa Prestige, Nairobi, hata mchana. Kamati ya uteuzi ikaichagua Supa Modo iende Oscar, filamu nzuri kwa haki yake, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuiondolea Rafiki marufuku.

Lawama yenye uzito zaidi inatoka katika maneno ya Kahiu mwenyewe. Kwa miaka mingi amekuwa akitetea wazo aliloliita Afrobubblegum: sanaa ya Kiafrika isiyobeba vita, ukimwi na njaa kila siku, bali furaha, mahaba na mchezo. Mtu anaweza kuuliza kwa haki: furaha hiyo iko wapi Texas? Swali hili silipuuzi. Look Both Ways ni nyepesi na ya kupendeza, lakini wepesi huo Hollywood haijawahi kuukosa. Sisi ndio tuliokuwa tukiusubiri.

Ila kazi ya kuajiriwa ndiyo inayomweka muongozaji kazini. Asiyeshika seti kwa miaka kumi hupoteza wepesi wa mkono, hata awe na kipaji gani. Halafu si kila alichokifanya ng'ambo kiko mbali nasi. Ameongoza baadhi ya vipindi vya Washington Black, tamthilia ya 2025 ya Hulu, jukwaa la Marekani la kutazama filamu mtandaoni, kuhusu mvulana anayetoroka utumwa katika shamba la miwa Barbados. Mwafrika akiongoza hadithi hiyo, sioni wapi amekana kwao.

Kwa hiyo simlaumu. Ninachokihesabu kuwa hasara ni kingine. Samantha Mugatsia hakuwa amewahi kuigiza kwenye filamu kabla Kahiu hajampa nafasi katika Rafiki, na mwaka 2019 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika FESPACO, tamasha la filamu za Afrika linalofanyika Ouagadougou, Burkina Faso. Muongozaji anapopiga picha Nairobi, wanaoinuka naye ni waigizaji, washona mavazi, watu wa sauti na vijana wa kubeba taa wanaojifunza kwa kutazama. Wenzao wa Marekani ndio waliopata nafasi hizo kwenye Look Both Ways. Marufuku ilikuwa suala la mahakama. Fedha za filamu ndefu ni suala la bajeti, na hilo linaweza kushughulikiwa bila kumsubiri jaji yeyote.