Mwacheni mtoto amalize neno lake

Juzi wazazi tuliitwa shuleni kwa binti yangu, huku Uingereza, kusikiliza watoto wakisoma. Mvulana mmoja mwenye kigugumizi akanasa kwenye neno la kwanza. Midomo imekaza, macho kayafumba. Mwalimu hakummalizia neno, wala hakumwambia "tulia, vuta pumzi". Alimtazama tu kwa utulivu mpaka neno likatoka, kisha akamuuliza habari ya hadithi yenyewe. Hakuna mtoto aliyecheka. Nilifurahi, halafu nikapandwa na hasira, maana nyote mnajua kwetu kingetokea nini.

Mtasema huyu naye, kupanda ndege tu keshajifanya Mzungu. Madarasa yamefurika, mwalimu atamngoja nani? Jamani, siwadharau walimu wetu. Wao ndio walionifundisha kusoma, kwa chaki na sauti zao tu. Lakini kungoja ni sekunde chache, hakuhitaji bajeti. "Sema haraka!" ndiyo inayopoteza muda, kwa sababu mtoto akibanwa hukwama zaidi.

Tena sisi tuna jambo ambalo wangetuonea wivu: kusoma kwa pamoja. Mwenye kigugumizi akisoma kwa sauti moja na wenzake, mara nyingi ulimi humfunguka. Basi asome na mwenzake kwanza, wawili wawili, kabla ya kusimamishwa peke yake. Wakati wa kuitwa majina, anyooshe mkono kama "nipo" inagoma. Na msimsomeshe kwa zamu, dawati kwa dawati. Kule kuhesabu zamu inavyomkaribia ndiko kunakomkausha koo.

Mwingine atasema kitaisha chenyewe. Kwa wengi huisha, kweli: takriban asilimia 5 ya watoto hupitia kigugumizi, na kwa watu wazima hubaki asilimia 1 hivi. Wewe mwenye darasa la kwanza utamjuaje ambaye hakitamwisha? Wala si woga au malezi mabaya. Ni jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kipo kwenye ukoo.

Na msiniambie kuchekwa kunamkomaza. Mtoto anajua kabisa jibu la hesabu, lakini atasema "sijui" kwa kuwa hilo ndilo linalotoka bila kukwama. Mwalimu ataandika hajui, na ripoti itakwenda kwa wazazi vivyo hivyo.