Québec wanamjua babu wa kumi, sisi twakwama kwa wa tatu

Hapa Montréal, Kanada, si ajabu kumkuta mtu wa kawaida, fundi bomba au muuza duka, anayekutajia babu yake wa kumi: alitoka sehemu gani ya Ufaransa, alifika lini, alimwoa binti wa nani. Akina Tremblay, wenye jina lililoenea kuliko yote katika jimbo hili la Québec, hurudi kwa mume na mke mmoja, Pierre Tremblay na Ozanne Achon, waliooana mwaka 1657. Kwetu Tanga, mwulize kijana jina la baba wa babu yake uone. Wapo masharifu wenye shajara za nasaba zilizoandikwa, lakini hao ni wachache.

Sikubaliani na wanaosema watu hawa wanaupenda ukoo kuliko sisi. Kilichowabeba ni daftari. Padri aliandika kila ubatizo, ndoa na maziko, na tangu 1679 akawa anaandika nakala mbili, moja ya kanisa na moja ya serikali. Makanisa yaliendelea na usajili huo hadi mwisho wa 1993.

Ninalolipenda zaidi ni kwamba mwanamke aliandikwa kwa jina la kwao. Aliolewa, akazaa, akafa, na daftari likazidi kumwita kwa jina la baba yake. Ndiyo maana mtu wa hapa anaweza kufuata upande wa mama hadi kwa wale wasichana karibu 800 walioletwa kwa gharama ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, kati ya 1663 na 1673, waje kuolewa. Baadaye wanawake wengi walizoea kuitwa kwa majina ya waume zao, mpaka sheria ya 1981 ikaamua kwamba mke abaki na jina lake. Dada zetu wanaofika hapa wakitaka la mume hushangaa wakiambiwa kuolewa pekee hakutoshi. Mimi nasema ni haki kabisa. Bibi zetu wa pwani waliolewa, wakaachwa, wakaolewa tena, wakabaki binti Ali au binti Salim mpaka kaburini. Hii ya kumfuta baba wa mtu kwenye vyeti tumeiokota ofisini.

Si kwamba majina yao ni mepesi kufuatilia. Askari wa kikosi cha Carignan-Salières, waliofika 1665, walikuwa na majina ya jeshini kama Lafleur na Jolicoeur. Mtu aliandikwa kwa jina la baba yake kisha “aitwaye Lafleur”. Baadhi ya watoto wakashika la kwanza, wengine la pili, na leo watu wa damu moja wana majina tofauti. Waliohamia viwandani Marekani nao wakageuza: Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King.

Kwetu jina ni mnyororo: langu, la baba, la babu, na kila kizazi kinaongeza pete mbele na kuacha moja nyuma. Fomu za huku zilitaka jina moja la ukoo, zikachukua la mwisho, la babu yangu. Wanangu wanalo, na wajukuu huenda wakalibeba. La baba yangu, aliyenilea na kunisomesha, halimo kwenye majina yao kabisa. Linaniuma hilo.

Mwaka 1640 kanisa la mji wa Québec liliungua, na madaftari yao ya mwanzo yakateketea. Yaliandikwa upya kwa kumbukumbu za watu waliokuwa hai. Ndugu zangu mlioko nyumbani, nanyi mnao hao watu: mashangazi, mabibi, wazee wa msikitini. Waulizeni sasa, na msiishie kwa wanaume. Mama yake aliitwa nani, binti wa nani, alitolewa kijiji gani? Andikeni nakala mbili. Moja mkae nayo, ya pili nitumieni mimi.