Kutoka Sanamu ya Rhodes hadi Moto wa Michoro

Tarehe 9 Machi 2015, Chumani Maxwele, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliimwagia sanamu ya Cecil Rhodes, Mwingereza aliyeongoza ukoloni kusini mwa Afrika, kinyesi alichokibeba kutoka Khayelitsha, mtaa wa mabanda ambako watu wengi bado hutegemea vyoo vya ndoo. Mwezi mmoja baadaye kreni iliinyanyua sanamu hiyo, iliyokuwapo chuoni tangu 1934, na kuiondoa mbele ya umati uliokuwa ukishangilia.

Waliopinga walisema kwamba kitendo kile kilikuwa cha aibu. Hoja hiyo ni nyepesi, kwa kuwa aibu hiyo wakazi wa Khayelitsha huamka nayo kila siku, na alichofanya kijana yule ni kuipandisha hadi mlimani kilipo chuo, waliko wasomi. Hoja nzito zaidi ilikuwa kwamba kuondoa sanamu hakumlipii mtu ada wala kumpatia kitanda. Hata hivyo, Oktoba mwaka huohuo madai ya kupinga kupanda kwa ada yalienea vyuo vya Afrika Kusini, na tarehe 23 Rais Jacob Zuma akatangaza kwamba ada zisingepanda mwaka 2016. Siamini kwamba vuguvugu lile lingekuwa na nguvu hiyo kama vijana hawakuwa wamekwisha kuona chuo kikisalimu amri mbele ya dai lao la kwanza.

Februari 2016 wanafunzi walisimamisha kibanda cha mabati katikati ya chuo kuonyesha uhaba wa malazi, na sioni namna bora zaidi ya kulisema jambo hilo. Mvutano na utawala juu ya kibanda hicho uliishia kwa baadhi yao kung'oa michoro kutani na kuichoma. Watetezi wao husema, na kwa haki, kwamba kuta zile zilijaa sura za wazungu, na kwamba wengi walioililia michoro hawakuwahi kuwalilia wanafunzi wasio na pa kulala. Lakini miongoni mwa michoro iliyoungua ilikuwamo ya Keresemose Richard Baholo, mwanafunzi mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya sanaa chuoni hapo. Kuhusu sanamu, baraza la chuo lilipiga kura baada ya wiki kadhaa za mabishano ya wazi. Kuhusu kazi za Baholo, hakuna aliyeulizwa, na mjadala uliofuata ukawa juu ya moto ule, si juu ya vitanda.