Chaneli si njia ya kukwepa kutafuta kazi

Kwenye mahafali ya mdogo wangu, hapa Kampala, mgeni rasmi aliwaambia wahitimu waache kuzunguka na bahasha za kaki, wafungue chaneli, wajiajiri mtandaoni. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikasirika, na hasira bado ninayo. Anayefungua chaneli amehama foleni tu. Kazi bado anaitafuta.

Tazameni masharti. Matangazo ya kazi humtaka aliyemaliza chuo juzi awe na uzoefu wa miaka mitatu. YouTube nayo, kwa mwenye video ndefu, haimgawii pesa ya matangazo mpaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Huku unalipa nauli na fotokopi, kule bando, ambalo hapa Uganda limewekewa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Facebook ilifungwa Januari mwaka huohuo, watu wakaanza kuingia kwa VPN, programu ya kukwepa kizuizi.

Ila panapofanana hasa ni kwenye kupendekezwa. Tunalalamikia kujuana, na kweli wapo wanaoingizwa ofisini na mjomba, hilo silitetei. Lakini fundi naye hupata kazi kwa sababu mtu ameuona mlango aliomtengenezea jirani. Rafiki yangu wa Busia anauza mukene, yaani dagaa. Video yake ya kwanza haikuwa na muziki wala mbwembwe. Aliosha kiganja cha mukene uliokaushwa mchangani kwenye beseni jeupe, akayamwaga maji taratibu mpaka mchanga ukaonekana chini. Akarudia kwa mukene uliokaushwa juu ya nyavu: beseni safi. Waliosambaza video hiyo kwenye magrupu ya WhatsApp ya kanisa na ya chama ni wateja wake, watu wanaojua kwamba kipimo chake hakipunji. Hao ndio waliomdhamini kwa wageni. Wapo waliovuma kwa video moja, sikatai, kama wapo waliookota kazi kwa bahati.

Kwa hiyo, waheshimiwa mnaopewa maikrofoni, waambieni vijana washike kitu wanachokiweza, wakifanye mbele ya watu watakaoweza kuwasemea. Na mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa ada aambiwe wazi kwamba kijana mwenye chaneli bado anatafuta, hajalipwa, na kwa miezi mingi atahitaji chakula, bando na mahali pa kulala.