Mpole ndiye anayetuponyoka

Makala yenu kuhusu watoto mahututi wanaoweweseka, yaani akili kuvurugika ghafla kwa ugonjwa au dawa, imemweleza vizuri yule anayepiga kelele na kung'oa dripu. Huyo hata mlinzi wa getini anamwona. Mimi ni nesi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya watoto, na wanaotuponyoka ni wale wapole, wanaoweweseka kimyakimya. Tulikuwa na binti wa miaka 4, nimonia kali, ametoka kwenye mashine ya kupumulia juzi yake, midazolamu, dawa ya kutuliza na kulaza, bado inaingia. Zamu mbili mfululizo tumeandika "ametulia". Bibi yake ndiye aliyeniita: "Nesi, huyu ananitazama kama anatazama ukuta." Nikachukua fomu ya Cornell, ya kupima kuweweseka kwa watoto, yenye maswali 8: anamtazama mlezi machoni? Anajua alipo? Anachelewa kuitikia? Alama 9 kwenda juu unashuku kuweweseka. Yeye alikuwa na 17. Daktari akaanza kupunguza hiyo midazolamu kidogo kidogo, usiku tukazima taa, bibi akaruhusiwa kukaa naye. Siku ya tatu akadai uji, tena wa sukari nyingi! Fomu yenyewe haimalizi dakika 5. Ila mhariri, hilo neno "kichaa" kwenye kichwa cha makala yenu liondoeni, wazazi wakilisoma watatuficha dalili.