Injini ya jenereta ndani ya pikapu: nguvu ipo, mizunguko je?

Wanaosifia kufunga dizeli ya viwandani kwenye pikapu huanza na uimara wake, na hapo hawajakosea. Injini iliyozaliwa kuendesha jenereta, kompresa au pampu ya maji imeundwa kubeba mzigo saa nyingi mfululizo. Nyingi za zamani hazina kompyuta yoyote: pampu ya dizeli inazungushwa na gia, nozeli zinafunguka kwa presha ya mafuta yenyewe, na ikishawaka, umeme unaohitaji ni ule wa kushikilia valvu ya kuzimia tu. Mtu mwenye pikapu iliyo nzima bodi na chesisi, ila injini ya petroli imechoka, lazima atamani.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni Cummins 4BT ya silinda nne na lita 3.9. Zile zilizofungwa kwenye magari ya kusambazia bidhaa huko Marekani zilitoa nguvu za farasi 105 kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Anayesikia 105 huguna, maana petroli ndogo nyingi zinafika hapo. Lakini nguvu yake ya kuzungusha ni kama Nm (nyutoni-mita) 360, karibu maradufu ya petroli ya lita 2.4, tena inaipata kabla ya mizunguko 2,000. Anayevuta tela mlimani anajua maana yake.

Kwa maoni yangu, ubishi wa nguvu unawapotezea watu muda. Kinachoamua ni mizunguko. Chukua difu ya 4.1 (shafti inazunguka mara 4.1 tairi likizunguka mara moja) na tairi ambalo likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.2. Kwenye mizunguko 2,500, gia ikiwa moja kwa moja, yaani giaboksi haipunguzi wala haiongezi mizunguko, unakwenda kilomita 80 kwa saa. Ukiwa na ovadraivu ya 0.8, gia ya juu inayoongeza mwendo kwa mizunguko ileile ya injini, unafika 100. Sasa weka injini ya jenereta iliyofungwa isizidi 1,800: gia ya moja kwa moja inakupa kilomita 58 hivi. Shambani au kwenye machimbo zinatosha kabisa. Kwenye barabara kuu, wewe ndiye chanzo cha foleni. Unaweza kuweka difu ya 3.3 na sehemu kubwa ya mwendo ikarudi, lakini pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne inadai ubadilishe mbele na nyuma, na hapo umeshaanzisha mradi wa pili.

Jambo la gavana, kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini, ndilo linalosahaulika zaidi. Gavana ya gari kwa kawaida inasimamia sailensa (mizunguko ya chini injini ikiwaka bila kukanyagwa) na kikomo cha juu. Katikati ni mguu wako. Gavana ya jenereta kazi yake ni kushika mizunguko ileile mzigo uwe mkubwa au mdogo. Ukiiunganisha na pedali, unakuwa unaiamuru kasi, si kiasi cha dizeli. Gusa kidogo, inamwaga mafuta yote ili ifike pale ulipoitaka: gari linaruka, moshi mweusi unatoka, na kubadili gia taratibu kunakuwa kazi ya ufundi. Pampu inaweza kurekebishwa au kubadilishwa, ila apatikane fundi wa pampu hasa, asiwe wa kubahatisha skrubu.

Kuna uzito pia. Hiyo 4BT inapita kilo 330, wakati petroli ndogo ya silinda nne kwa kawaida haifiki 180. Springi za mbele zinalala, na sampu, bakuli la oili chini ya injini, inaweza kugusa ekseli. Giaboksi iliyozoea petroli haitavumilia mapigo ya dizeli kwa muda mrefu. Na breki! Busta, inayokusaidia kukanyaga breki, inategemea mvuto wa hewa kutoka manifoldi ya petroli, ambao dizeli haina. Usipofunga pampu ya vakyumu, pedali inakuwa ngumu siku ya kwanza tu.

Hoja ya kuokoa mafuta ni ya kweli, ila inakuzwa. Dizeli ina nishati zaidi ya petroli kwa takriban asilimia 10 kwa lita, na injini yake inaitumia vizuri zaidi. Lakini jumlisha adapta, giaboksi, mauntingi, rejeta na mfumo mpya wa mafuta, kisha ugawe kwa akiba ya kila kilomita. Gari linalotembea kidogo halirudishi gharama hiyo. Pia penye ukaguzi wa moshi, injini iliyothibitishwa kwa mitambo inaweza kukataliwa barabarani hata kama inachoma safi.

Mimi ningeikubali kwa gari la kazi linalotembea polepole na mzigo. Na hata hapo, ningeacha iliyotoka kwenye jenereta nitafute ndugu yake iliyotoka kwenye lori dogo au gari la kusambazia bidhaa: ina gavana ya barabarani, inakuja na flaiwili na nyumba ya klachi, na mara nyingi giaboksi yake bado imening'inia nyuma. Bei yake ikiwa juu kidogo, tofauti hiyo ingeliwa na adapta peke yake.