Mwanjelwa hoja ya bei haimshawishi mtu

Anayetaka wasanii na wanafunzi wa Mbeya wahamie programu huria, yaani zile ambazo leseni yake inaruhusu kuzigawa na kuzibadilisha, huanza na bei: GIMP, Inkscape, Krita na Blender, za picha, michoro na katuni, hazilipiwi. Pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, hoja hiyo haina nguvu. Kijana anayetengeneza kadi za michango ya harusi hajawahi kulipia Photoshop. Aliwekewa iliyokrekiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, na keshaizoea.

Tena ana sababu nzito kuliko mazoea. Kazi yake haiishii kwenye skrini. Inakwenda kwa mwenye mashine ya kuchapa, ambaye mara nyingi anataka faili la PSD (la Photoshop) au la CorelDRAW, programu nyingine ya kulipia, ili aweze kurekebisha jina la bwana harusi dakika ya mwisho. Inkscape hupanga rangi kwa RGB, mfumo wa skrini, ilhali uchapaji unataka CMYK, mfumo wa wino. GIMP nayo imepiga hatua upande huo kwenye toleo la 3.0 la mwaka 2025, lakini bado inahariri picha kwa RGB. Bluu ikitoka zambarau kwenye bango, mteja hagombani na programu, anagombana na kijana. Watetezi wa programu huria hupenda kuliruka jambo hili.

Kwa mwanafunzi mizani inageuka. Kreki huja na virusi kwenye flashi, na ujuzi wake ukifika kwenye ofisi inayofuata sheria unadai leseni ya kulipiwa kila mwezi. Programu huria mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST hapo Mbeya anaigawa darasa zima kihalali, bila kumaliza bando la mtu. Anaweza hata kuibadilisha: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili, kwa sababu leseni iliruhusu. Na ubora usitiliwe shaka, maana filamu ya katuni ya Latvia iliyoshinda Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender (ingawa laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itahema nayo).

Kwa hiyo mimi ningeanza na kazi zisizopita kwa mchapaji: kuhariri sauti za kwaya kwa Audacity, katuni, picha za mtandaoni. Na kwenye semina ningemwalika mchapaji mwenyewe kabla ya msanii yeyote, nimwoneshe Scribus, programu huria inayomudu CMYK na kutoa PDF ya kuchapwa. Yeye akikubali kuipokea PDF hiyo, vijana wote wanaompelekea kazi watakuwa na nafasi ya kuchagua.